Ukaguzi wa Umeme Majumbani na Kidude Kisichopunguza Kitu

Ukaguzi wa matumizi ya umeme nyumbani ni kazi ya kupima nyumba inayokaliwa, kujua kila uniti (kilowati-saa) ya umeme inakoishia, na kumwachia mwenye nyumba ripoti ya nini kirekebishwe kwanza. Marekani kazi hii huongezwa kwenye huduma zao na wakaguzi wanaoitwa kuichunguza nyumba kabla haijauzwa. Kenya, kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinalazimisha ukaguzi kila baada ya miaka 3 kwa majengo na viwanda vinavyotumia kuanzia kilowati-saa 180,000 kwa mwaka. Nyumba ya kawaida haikaribii kiasi hicho, kwa hiyo haina mkaguzi. Hapo ndipo ilipo nafasi ya fundi umeme mwenye leseni na mkaguzi wa majengo, Kenya na Tanzania.

Anayeingia kwenye kazi hii ataulizwa swali lilelile kila nyumba: ni kidude gani cha kuchomeka ukutani kinachopunguza umeme? Hakuna. Vidude hivyo vinaendelea kununuliwa kwa sababu muuzaji huja na onyesho ambalo kwa macho halina kasoro. Huwasha feni au friji, hubana waya kwa kipima mkondo, kisha huchomeka kidude. Namba hushuka palepale, na mteja hutoa pesa.

Namba imeshuka kweli, ila si namba inayolipiwa. Friji la wati 120 lenye pawa fakta (uwiano wa wati na volti-ampea) ya 0.6 huvuta ampea 0.87 kwenye volti 230. Ndani ya kidude mna kapasita ndogo na kitaa cha kuonyesha uhai. Kapasita hiyo ikifaulu kuisogeza pawa fakta hadi karibu 1, mkondo hushuka hadi ampea 0.52. Wati zinabaki 120. Mita ya LUKU, yaani ya malipo ya kabla ya Tanzania, huhesabu kilowati-saa, yaani wati kwa muda, na kwake friji hilo ni lilelile, kiwe kimechomekwa kidude au hakikuchomekwa. Kinachookolewa ni joto dogo mno kwenye nyaya zilizo kati ya kidude na mita, kiasi ambacho familia haitakiona kwenye matumizi yake. Kwa taa za LED, televisheni na friji za inveta hata hilo halipo, maana pawa fakta yake huharibiwa na umbo la mkondo, na kapasita hainyooshi umbo hilo.

Utetezi wa mwisho wa muuzaji ni kwamba viwanda hufunga kapasita. Hufunga, kwa sababu wateja wakubwa wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hutozwa pia kwa kilovolti-ampea za kilele chao. Mteja wa nyumbani hatozwi hivyo. Kumuuzia dawa ya deni asilodaiwa ni kumwibia, na fundi anayejua hesabu hii kisha akakiuza kidude hana udhuru.

Ukaguzi halisi huanzia kwenye mita. Chomoa vifaa vyote, zima taa, acha swichi kuu imewashwa, kisha tazama kitaa cha mita. Mita iliyoandikwa mapigo 1,000 kwa kilowati-saa ikimweka mara moja kila sekunde 36, wati 100 zinapotea: huenda waya umechubuka na kugusa ukuta wenye unyevu, au chumba cha uani kimeungwa kimyakimya. Kwa siku 30 hizo ni uniti 72. Kwa bei za Tanzania zilizoanza 2016, mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, yaani zaidi ya shilingi 25,000 kwa umeme ambao mwenye nyumba hakuutumia. Kwa mteja wa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, upotevu huo peke yake unakaribia kuumaliza ukomo wake wa uniti 75 kwa mwezi. Zima sakiti breka moja moja hadi kitaa kitulie, na sakiti yenye kosa itajulikana.

Yanayobaki ni ya haraka. Bana karatasi kwenye mlango wa friji; ikichomoka bila kukaza, badilisha mpira. Kagua boya la simtanki, maana likivuja pampu haipumziki. Hita ya maji izimwe baada ya kuoga. AC isafishwe chujio, na bati lisilo na dari lipakwe rangi nyeupe kabla ya kununua AC kubwa zaidi. Mashine inayotumika Marekani, ile inayofungwa mlangoni kupima uvujaji wa hewa wa nyumba, isinunuliwe kwa ajili ya nyumba za Dar es Salaam zenye madirisha ya wavu.

Ada iwe ya mkupuo na itajwe kabla ya kazi. Mkaguzi asiuze kifaa chochote katika nyumba aliyoikagua, wala asipokee kamisheni ya duka. Aandike usomaji wa mita siku ya ukaguzi na arudi baada ya siku 30 kuisoma mita tena mbele ya mwenye nyumba.