Jozi ya kani

Jozi ya kani ni kani mbili zenye ukubwa sawa, zilizo sambamba na zinazoelekea pande zinazopingana, lakini hazipo kwenye mstari mmoja. Jumla yake ni sifuri, kwa hiyo hazikisukumi kitu kwenda upande wowote, hukizungusha tu. Dhana hii ni ya msingi katika statiki, yaani elimu ya kani zinazotenda juu ya vitu vilivyotulia. Nadharia yake ilielezwa na Mfaransa Louis Poinsot katika kitabu chake cha statiki cha mwaka 1803.

Momenti ya jozi

Uwezo wa jozi wa kuzungusha huitwa momenti (M). Hupatikana kwa kuzidisha kani moja (F) kwa umbali mfupi kabisa kati ya mistari ya kani hizo (d):

M = F × d

Kipimo chake ni newton-mita (Nm).

Momenti ya kani moja hubadilika kufuatana na nukta inayopimiwa, lakini ya jozi haibadiliki. Tuchukue nukta iliyo nje ya jozi, umbali x kutoka mstari wa karibu. Kani ya mbali hutoa F(x + d), na ya karibu hutoa Fx kwa upande wa kinyume. Tofauti ni Fd, x iwe kiasi chochote. Ndiyo maana jozi haisawazishwi na kani moja. Hudai jozi nyingine yenye momenti sawa iliyo kinyume.

Spana ya gurudumu

Kwenye barabara ya malori itokayo Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, kwenda Rusumo, wilaya ya Ngara, mwenye pancha hufungua nati kwa spana. Akitumia spana ya msalaba, mkono mmoja ukivuta 200 N na mwingine ukisukuma 200 N, mikono ikiachana mita 0.5, momenti ni 100 Nm. Spana ya mkono mmoja yenye urefu wa mita 0.5 hutoa momenti hiyohiyo kwa 200 N, lakini hapo nati husukumwa pia upande kwa 200 N. Kwa hiyo spana huelekea kuchomoka au kula pembe za nati.

Zege lililotokeza ukutani

Chukua kibanda cha zege juu ya mlango, chenye uzito wa 2,000 N ambao kitovu chake kiko mita 0.6 kutoka ukutani. Uzito huo huleta momenti ya 1,200 Nm mahali zege linapoingia ukutani. Ndani ya zege momenti hiyo hukabiliwa na jozi: nondo za juu huvutwa, zege la chini hubanwa. Umbali kati yake ukiwa mita 0.08, kila kani ni 1,200 ÷ 0.08 = 15,000 N.

Zege huhimili kubanwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Kwa hiyo nondo kuu huwekwa upande wa juu. Zikikanyagwa na kushuka chini wakati wa kumwaga zege, jozi hiyo haipo tena, na kibanda kinaweza kuvunjika mara mbao zinapoondolewa.