Ndugu akipotea, kovu na meno yake vinaweza kumrudisha nyumbani

Mama mmoja wa Kakese, hapa Mpanda, huja kliniki kila mwezi kuchukua dawa za presha. Dawa anakunywa vizuri, chumvi amepunguza, lakini presha haishuki. Siku moja nikamuuliza analala saa ngapi. Akanijibu: "Daktari, mlango wangu siufungi kwa komeo. Mwanangu akirudi usiku ataingiaje?"

Mwanawe aliondoka baada ya mavuno ya mpunga, akasema anakwenda kutafuta maisha machimboni. Kwa miezi minne alikuwa akipiga simu, kisha namba ikawa haipatikani. Huu ni mwaka wa sita. Mama hakuwahi kutoa taarifa polisi kwa sababu, kama alivyoniambia, mtu mzima hapotei, labda ameamua tu kukaa kimya. Hajaweka matanga, na hawezi kuyaweka, kwa maana hajui kama amefiwa.

Wiki hii nazungumza na familia kama yake. Mochwari hupokea miili ya watu waliopata ajali, waliozama au waliookotwa porini bila kitambulisho. Asipojitokeza ndugu, hatimaye mwili huzikwa na halmashauri. Wakati huohuo, katika mkoa mwingine, kuna mzazi anayesubiri simu. Mara nyingi taarifa za pande zote mbili zipo, ila hazijakutana.

Waliokutanisha taarifa

Mwaka 1968, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, uliokotwa mwili wa mwanamke ukiwa umefungwa ndani ya turubai. Ulizikwa bila jina. Miaka mingi baadaye, mfanyakazi wa kiwandani aitwaye Todd Matthews, ambaye baba mkwe wake ndiye aliyeuona mwili huo, alianza kutafuta kwenye intaneti kwa muda wake mwenyewe. Mwaka 1998 akakuta tangazo la mwanamke aliyekuwa akimtafuta dada yake aliyetoweka mwishoni mwa 1967. Kaburi likafukuliwa, na kipimo cha vinasaba kikathibitisha kuwa ndiye.

Kuna jambo katika kisa hicho ninalotaka ulikumbuke. Waliouchunguza mwili mwanzoni walikadiria kuwa ni wa binti wa miaka 16 hadi 19. Kumbe alikuwa na miaka 24. Kwa hiyo ukisikia tangazo la mwili ambao umri wake umepishana kidogo na wa ndugu yako, usilipuuze.

Marekani sasa ina kanzidata ya taifa iitwayo NamUs, ambamo hata raia wa kawaida anaweza kulinganisha taarifa za waliopotea na za miili isiyo na majina.

Karibu na kwetu, Januari 2022, watetezi wa haki za binadamu wa Kenya, Boniface Mwangi na Hussein Khalid, walitangaza mtandaoni habari za miili iliyokuwa ikiopolewa kutoka Mto Yala na kurundikana katika mochwari ya hospitali ya Yala, kaunti ya Siaya. Habari zilipoenea, ndugu wa watu waliopotea walianza kusafiri kutoka kaunti za mbali kwenda kuangalia. Wapelelezi nao wakatumia alama za vidole, na baadhi ya miili ikapata majina.

Angalia mgawanyo wa kazi hapo. Raia alitangaza, familia ikaleta inachokijua, na uthibitisho ukatoka kwa wataalamu. Sehemu moja ikikosekana, mwili unabaki bila jina.

Mwili hutambuliwaje?

Watu wengi hudhani kutambua mwili ni kufunuliwa shuka na kutazama uso. Macho hudanganya. Joto, maji na moto hubadilisha sura haraka, na mtu mwenye uchungu anaweza kumkana wake au kumkubali wa mwenzake. Ndiyo maana wataalamu wa majanga, wakifuata mwongozo wa Interpol, hutegemea vitu vitatu: alama za vidole, meno na vinasaba. Makovu, mifupa iliyowahi kuvunjika, vyuma vya upasuaji, chale na nguo husaidia kupunguza orodha.

Tuliona jambo hili Morogoro. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, na baadhi waliungua kiasi cha kutotambulika. Ndugu walilazimika kutoa sampuli za vinasaba.

Kule Shakahola, Kenya, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya wapendwa wao Machi 2024. Kipimo cha vinasaba ni cha kulinganisha. Sampuli ya mwili peke yake haisemi jina, mpaka iwepo sampuli ya ndugu ya kuifananisha nayo.

Nikiri na kosa langu. Nikiwa daktari wa mafunzo, niliwahi kujaza fomu ya mwili usiojulikana kwa maneno matatu: "Mwanaume, mtu mzima." Nilikuwa nimechoka, na wagonjwa walikuwa wakinisubiri wodini. Sikuandika urefu, sikufungua kinywa, sikutaja kovu lolote. Kama mama yake alipita pale wiki iliyofuata, karatasi yangu haikumsaidia kitu. Wenzangu wa afya, tuandike zaidi ya hapo.

Andika haya leo

Mzazi, hili si la kusubiri mtu apotee. Chukua daftari, andika mambo ya kila mmoja nyumbani: urefu, makovu na mahali yalipo, alama za kuzaliwa, mfupa uliowahi kuvunjika na mwaka uliovunjika. Ukiwa na picha ya eksirei, itunze. Mfupa ukiunga huweza kuacha alama inayoonekana kwa miaka mingi.

Kisha meno. Yapi yameng'olewa, yapi yamezibwa, kuna mwanya? Meno ya kahawia yanayotokana na madini ya floraidi kwenye maji ya kunywa, kama tunavyoyaona kwa wengi waliokulia Arusha na Manyara, yanaweza hata kudokeza mtu alikolelewa. Piga picha ya mwanao akicheka, meno yaonekane. Picha za kununa mbele ya kamera hazitusaidii sana.

Andika namba ya kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima. Alama za vidole huchukuliwa wakati wa kujiandikisha, hivyo namba hiyo inaweza kuwa njia fupi kuliko zote. Kijana anayekwenda machimboni, mashambani au ziwani akuachie namba hiyo, jina la anayemfuata na namba ya simu ya mwenzake mmoja.

Akipotea, fanya hivi

Usingoje wiki ipite. Nenda polisi, toa maelezo, na uondoke na namba ya taarifa yako, ile tunayoiita RB. Mjulishe pia mtendaji wa kijiji au mtaa. Ulizia hospitali na mochwari za kule alikokuwa akiishi, si za kwenu tu. Baada ya miezi kadhaa rudi polisi uulize tena. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lina huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana, hasa kwa sababu ya vita, ukimbizi au maafa.

Mswaki wake, kitana au kofia ambayo haijafuliwa, usitupe. Weka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu vinasaba. Wanaofaa zaidi kutoa sampuli ni mama, baba na watoto wake wa kuzaa. Huchukuliwa kwa pamba ndani ya shavu, hakuna maumivu. Hapa nchini vipimo hivi vinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Pitia polisi au mahakama, usimlipe mtu wa pembeni.

Mtandaoni weka picha yake akiwa hai, nguo alizovaa na mahali alipoonekana mwisho. Ila alama moja usiitaje hadharani. Akipiga mtu kukuambia mwanao amelazwa, tuma pesa haraka, muulize alama hiyo. Tapeli hataijua. Na ukiona picha ya maiti kwenye kundi la WhatsApp, usiisambaze. Mpelekee taarifa polisi, kwa kuwa huenda mama yake yumo kwenye kundi hilohilo.

Anayesubiri naye ni mgonjwa

Kumsubiri mtu usiyejua kama yuko hai kunaumiza mwili. Usingizi hukatika, presha hupanda, vidonda vya tumbo huamka, wengine hukimbilia pombe. Si udhaifu wala si kukosa imani. Mwambie daktari wako kinachokusumbua, maana hatuwezi kukisoma kwenye mashine ya presha. Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno yao: hatujui baba yuko wapi, tunamtafuta. Majirani, acheni kumwambia mama "msahau tu" au "weka matanga yaishe". Afadhali mumsindikize polisi.

Yule mama wa Kakese alikwenda, akiwa na kaka yake. Kabla ya kwenda tulikaa tukaandika pamoja. Akakumbuka kwamba mwanawe alivunjika mfupa wa bega akiwa darasa la tatu, alipoanguka kutoka kwenye mwembe, na kwamba jino la mbele lilipandana na la pili. Vitu hivyo alivibeba kichwani miaka sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Sasa vimo kwenye jalada, na namba ya RB ameiweka pamoja na kadi yake ya kliniki.

Jibu bado hatujapata. Komeo bado halifungi. Lakini mwezi uliopita aliniambia amelala usiku mzima mara mbili, na presha yake ilikuwa imeshuka kidogo.