Asilimia 78 si habari njema

Mtu anaingia na karatasi ya skani iliyokunjwa mara nne, anainyoosha mezani kwa kiganja, kisha anaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Daktari, moyo wake unafanya kazi asilimia 78. Si ni mzima huyu?" Mwezi huu nimeulizwa hivyo Burumba, nimeulizwa Malaba kwenye yadi ya malori, nimeulizwa kwa simu kutoka Amagoro. Jibu ni hapana. Kwa mbwa mzee mwenye mvumo wa moyo, namba hiyo haithibitishi uzima hata kidogo.

Asilimia ile hupima jambo moja tu: chumba cha chini cha kushoto kikishajaa damu, ni sehemu gani ya damu hiyo hutoka kinapokaza. Imekwenda wapi, haisemi. Na kwa mbwa wadogo waliozeeka, kama hawa Japanese Spitz weupe waliojaa mitaani kwetu, hilo ndilo swali lenyewe. Mara nyingi mvumo wao hutoka kwenye vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Imekuwa nene, kingo zimejikunja, haifungi. Moyo ukikaza, damu nyingine huingia kwenye aota iende mwilini, nyingine hurudi juu ilikotoka.

Tupige hesabu. Chumba kimejaa mililita 40, kikakaza, zikatoka 30. Mashine inaandika asilimia 75 na mwenye mbwa anashukuru Mungu. Lakini tuseme nusu ya zile 30 zimerudi juu kupitia vali mbovu: mwili umepata 15. Kurudi nyuma ni rahisi kuliko kusukuma damu kwenye aota, ndiyo maana moyo unaovuja huonekana kwenye skrini ukichapa kazi kwa bidii. Aliyewahi kuteka maji kwa pampu ya mkono iliyolika ndani anaijua hali hii: mpini unakuwa mwepesi, unapanda na kushuka mbio, na mtungi haujai. Tena nikiona mbwa ambaye vali yake inavuja vibaya ana asilimia 55, ile ambayo kwa binadamu ingeitwa kawaida, ndipo wasiwasi unaponizidi, kwa sababu huenda msuli wenyewe umeanza kuchoka.

Kosa la pili ni ndugu wa la kwanza. Skani nyingi zinazoletwa kwangu zimefanywa na mafundi waliozoea watu, na karatasi inalinganisha moyo wa mbwa na wa mtu mzima. Nimeona mbwa wa kilo 8 ambaye chumba chake cha chini kilikuwa sentimita 3.6 kikiwa kimejaa, na pembeni pameandikwa kwamba hakijapanuka. Kwa mtu, sawa. Kwa mbwa wa uzito huo, kikomo ni karibu sentimita 3.1. Moyo ulikuwa umeshatanuka, na familia ikarudi nyumbani imetulia.

Kwa hiyo acheni asilimia. Tafuteni vipimo viwili. Cha kwanza, upana wa chumba cha juu cha kushoto ukigawanywa kwa upana wa aota: ikifika 1.6 au zaidi, chumba kimepanuka. Cha pili, chumba cha chini kikiwa kimejaa, kikokotolewe kulingana na uzito wa mbwa. Kikomo cha namba inayopatikana, ambayo si sentimita, ni 1.7. Ndivyo mwongozo wa madaktari wa wanyama wa ACVIM, Marekani, ulivyosema mwaka 2019. Karatasi isiyo na uzito wa mbwa, irudisheni.

Na tafadhali, Lasix. Mtu akisikia "moyo" anakimbilia duka la dawa. Dawa hiyo ni ya kutoa maji yaliyokwisha kuingia mapafuni. Mbwa ambaye hana maji hayo hukaushwa tu, figo zake zikaumia bure.

Cha kufanya sasa. Kwanza pima damu: homa ya kupe, inayopunguza damu, huku kwetu ni ya kila siku, na upungufu huo peke yake unaweza kuleta mvumo hafifu. Vipimo vyote viwili vikiwa chini ya kikomo, hakuna dawa. Rudia skani baada ya miezi sita hadi mwaka. Vyote vikifika kikomo au kukipita, na mvumo ni wa daraja la 3 kwenda juu kati ya 6, dawa ni pimobendani: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa mbwa 360 ulionyesha kuwa huahirisha moyo kushindwa kwa takriban miezi 15. Hutolewa mara mbili kwa siku, saa moja kabla ya chakula. Agiza nyingine mapema kabla chupa haijaisha. Ukipelekwa Kisumu au Kabete, piga simu kwanza uhakikishe mtaalamu wa moyo yupo. Mbwa mkubwa, German Shepherd wa kulinda yadi kwa mfano, anaweza kuwa na ugonjwa mwingine wa msuli wa moyo. Haya ya vali usimbebeshe.

Halafu kila usiku, mbwa akiwa amelala fofofo, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, andika. Zikizidi 30, ngoja kidogo uhesabu tena. Zikibaki juu, nipigie usiku huo huo.