Mbona Mtoto Mwenye Homa Hutetemeka?

Wazazi wengi tumeona jambo hili: mtoto anachemka kama jiko, lakini analalamika baridi na meno yanagongana. Mwezi huu tueleze sababu yake, maana asiyeijua huweza kumdhuru mtoto kwa nia njema.

Mwili wenye afya hukaa kwenye joto la nyuzi 37 hivi, iwe asubuhi ya baridi ya Julai hapa Songea, au mchana wa jua la Novemba tukiwa shambani. Msimamizi wa joto ni sehemu ndogo ndani ya ubongo, upande wa chini. Joto likizidi, huamuru mishipa ya damu ya ngozini itanuke na jasho litoke. Jasho likikauka, huondoka na joto. Joto likipungua, mishipa hujibana na misuli hutetemeka ili kuleta joto. Hali ikirudi sawa, amri hukoma. Maji mwilini nayo hulindwa hivyo hivyo: yakipungua tunaona kiu, na figo hupunguza mkojo.

Malaria huvuruga mpango huo. Vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu, mwili hutoa kemikali zinazomfanya msimamizi apandishe kipimo, tuseme hadi nyuzi 39. Sasa nyuzi 37 huhesabiwa kuwa baridi, na mtoto hutetemeka mpaka joto lifikie kipimo kipya. Kipimo kikishuka, jasho hutoka kwa wingi.

Basi tufanye nini?

1. Tusimfunike mablanketi mazito. Avae nguo nyepesi.

2. Tusimwogeshe maji ya baridi sana, maana atatetemeka zaidi na joto litapanda.

3. Anyonye au anywe maji salama mara kwa mara, kwa sababu jasho humkausha.

4. Parasetamoli hushusha kipimo kwa muda tu; haiui vimelea. Homa kushuka siyo kupona. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu, na akipewa dawa ya malaria amalize dozi yote.

Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida au akizimia, tusingoje kuche. Tumkimbize hospitali, iwe Peramiho au ya mkoa. Hapo mwili umeshindwa kujirekebisha wenyewe, na kila saa ina thamani.