Neno, Muktadha na Mtumishi wa Umma: Lugha katika Sera ya Mitandao ya Kijamii ya Serikali za Mitaa Jijini Juba

Mnamo Januari 2025, serikali ya Sudan Kusini iliagiza mitandao ya kijamii ifungwe, baada ya video za mauaji ya raia wake nchini Sudan kuenea na ghasia kuzuka Juba. Agizo hilo liliondolewa kabla ya mwezi kwisha. Makala hii inajadili hatua iliyo ndogo zaidi lakini yenye kudumu: sera ya mahali pa kazi inayomwongoza mtumishi wa serikali za mitaa anapoandika mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba sera hiyo haiwezi kujengwa juu ya orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku.

Mfano wa Kenya unafaa. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, mojawapo likiwa “madoadoa”. Neno hili ni la kawaida. Huwa hatari linapoelekezwa kwa wakazi wanaohesabiwa kuwa wageni. Juba nako kuna “kokora”, neno la Kibari lenye maana ya kugawa. Tangu Sudan ya Kusini ilipogawanywa kuwa majimbo matatu mwaka 1983, neno hilo limebeba kumbukumbu ya uhasama. Afisa anayeandika kuhusu historia ya mwaka huo hatendi sawa na anayelitumia kuwataka majirani wahame.

Tatizo la pili ni lugha ya sera yenyewe. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Hata hivyo, katika mitaa ya Juba kama Hai Mauna, Kiarabu cha Juba ndicho kiungo cha watu wa makabila mbalimbali. Mtumishi atakayetia saini waraka asiouelewa hatakuwa ameongozwa. Atakuwa amewekewa mtego.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, sera ifafanuliwe kwa Kiarabu cha Juba, kwa maandishi na kwa mazungumzo. Pili, ibainishe nani anaruhusiwa kusema kwa jina la ofisi, na itenganishe kauli hiyo na maoni binafsi. Tatu, malalamiko yapimwe kwa kuuliza nani amesema, kwa nani, kwa wadhifa gani na wakati gani. Mjuzi wa lugha husika ashirikishwe, na mtuhumiwa asikilizwe kabla ya kuadhibiwa.

Bila utaratibu huo, mtumishi anaweza kupoteza kazi kwa neno lililosomwa na asiyelijua, ilhali mchochezi mwenye lugha laini akiachwa. Sera inayopima neno peke yake haimlindi mtumishi wala mwananchi.