Hamira imetuzidi ujanja juani

Juzi mama watoto alikuwa anakanda unga wa maandazi, nikamwambia, "Hiyo hamira imetuzidi ujanja." Akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua.

Si utani, jamani. Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ileile inayotuunguza ngozi, ikiipiga chembe ya hamira hugandisha "herufi" mbili jirani katika DNA yake. Herufi zilizoganda hazinakiliki vizuri. Zikizidi, chembe hufa.

Sasa kioja chenyewe: hamira iliyopigwa mionzi ukiiweka gizani, nyingi hufa, ukiiweka kwenye mwanga wa kawaida, nyingi zaidi zinapona! Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Claud Rupert, alionyesha kwamba hamira ya mkate ina kimeng'enya cha kazi hiyo. Kinashika palipoganda, kinasubiri mwanga wa buluu, kisha kinaziachanisha. Kwisha kazi.

Mimi na wewe hatunacho. Mwili wetu hukata kipande kibovu na kutia kiraka, kazi yenye mafundi wengi. (Hamira nayo inaijua hiyo, hata gizani.) Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika mafundi hao, madaktari huuita ugonjwa wao XP. Kwao jua ni adui kweli, saratani ya ngozi huweza kuwaanza wangali wadogo.

Mama watoto akafunika unga, kimya. Mara nikamsikia mlangoni: "Wee! Saa saba hii unacheza juani? Njoo uvae kofia!"