Kimya Kinachofuata Swali

Mwalimu akishauliza swali darasani, hungoja muda gani kabla ya kufungua kinywa tena? Mary Budd Rowe, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa akichunguza ufundishaji wa sayansi katika shule za msingi, alinasa masomo mengi katika kanda za sauti, akayasikiliza kwa makini, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974 akadhihirisha kwamba muda huo, kwa wastani, ulikuwa takriban sekunde moja. Ikipita hiyo, mwalimu hurudia swali, au humgeukia mtoto mwingine, au hujijibu mwenyewe. Na mtoto akibahatika kujibu, mwalimu hudakia upesi vilevile, asimwachie nafasi ya kuongeza neno wala ya kulifikiri alilolisema.

Rowe akawazoeza walimu kungoja sekunde tatu au zaidi katika nyakati mbili, yaani baada ya swali na baada ya jibu, na taathira ya badiliko hilo dogo ilikuwa kubwa mno. Majibu yalirefuka, na watoto wakaanza kutaja sababu na ushahidi wa wanayoyasema. Walionyamaza au kusema hawajui walipungua. Wale ambao walimu wao walikuwa wamewakatia tamaa wakachangia. Na watoto, ambao hapo awali kila mmoja alizungumza na mwalimu peke yake, wakawa wanasikilizana na kujibizana wao kwa wao. Fauka ya hayo, maswali ya watoto wenyewe yaliongezeka. Nukta hii ya mwisho naiona kuwa ndiyo azizi kuliko zote, kwani hakuna aliyewafundisha kuuliza: waliachiwa tu kimya, nao wakakijaza.

Wala asidhani mtu kwamba sekunde tatu ni jambo jepesi. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walilinganisha mazungumzo ya watu wazima katika lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, wakaona kwamba nafasi baina ya swali na jibu aghalabu ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Kwa hiyo mtu mzima aliyezoea mwendo huo huhisi kimya cha sekunde tatu kuwa kasoro inayotaka kuzibwa, ilhali mtoto wa miaka minne, ambaye lazima alisikie swali, alifahamu, atafute jibu katika maarifa yake machache, kisha apate maneno ya kulisemea, bado yumo safarini.

Maswali yenyewe watoto hawakuyakosa kamwe. Barbara Tizard na Martin Hughes, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walieleza mazungumzo ya wasichana 30 wa London wenye umri wa takriban miaka minne: wakiwa nyumbani na mama zao waliuliza, kwa wastani, maswali 26 kwa saa, na walipokuwa katika shule ya watoto wadogo, mbele ya walimu wapole na wenye nia njema, waliuliza 2. Watoto walikuwa walewale na akili zao zilezile. Kilichobadilika ni kwamba nyumbani mtu mzima aliulizwa, na shuleni aliuliza yeye.

Suala hili latuhusu na sisi. Utafiti wa Mary Gauvain na wenzake, uliotoka mwaka 2013, ulirejea kumbukumbu zilizokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika jamii nne, mojawapo ikiwa ya Wamaragoli wa magharibi ya Kenya, ukaonyesha kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliuliza sana juu ya mambo na mahali na watu, lakini maswali ya kutaka sababu, yale ya "kwa nini", yalikuwa haba. Watafiti walifikiri kwamba huenda heshima baina ya mkubwa na mdogo ina sehemu yake katika hali hiyo. Mimi sikubali kwamba adabu na udadisi ni mahasimu: mtoto aliyefundishwa kusema "samahani, mwalimu, kwa nini?" amepata yote mawili kwa pamoja.

Tena mafunzo ya kungoja na kusikiliza tulikuwa nayo barazani kabla ya kanda za Rowe. Atakayetega huita "Kitendawili!", na wote huitikia "Tega!", na tangu hapo hakuna anayeharakishwa: kila mmoja hukisia kwa zamu, asiyemsikiliza mwenziwe hurudia kisio lililokwisha kukataliwa, naye mtegaji huzuia jibu hata wote washindwe na wampe mji, na mji wa kwanza akiukataa hutafutiwa mwingine, na jibu likija hatimaye hupokewa na masikio yaliyokuwa wazi muda wote huo. Mwalimu wa darasa la awali hahitaji chombo kingine cha kuanzia. Akipenda kuongeza, awaketishe watoto duara, na amtake kila mmoja, kabla ya kutoa lake, aseme kwanza mwenziwe amesema nini, kisha awazoeze kuulizana "Umejuaje?", bila ya kucheka wala kubeza.

Hadhari moja ni lazima. Mtoto asiyesikiliza pengine hasikii, kwani usaha wa masikio ni sababu iliyoenea ya upungufu wa kusikia kwa watoto. Apelekwe apimwe kabla ya kuitwa mkaidi.

Kwa hiyo ombi langu kwako, mwalimu au mzazi, ni hili: kesho uliza swali moja ambalo wewe mwenyewe hujui mtoto atalijibuje, uhesabu kimoyomoyo hata tatu, na akishajibu uhesabu tena kabla hujasema neno; na akikuuliza kwa nini, mpe sababu ya kweli, au mwambie mkaitafute pamoja.